Waliofunga na Waliokula

Samaki alikuwa bado yuko ukutani.

Yule yule, msomaji, tuliyeachana naye wiki iliyopita. Samaki mzima, bapa, amekaangwa kwa siagi, limau pembeni, chipsi nene zimefurika sahani. Glasi mbili za bia. Uma mbili. Nasema mbili kwa sababu kuna bwana mmoja ameniandikia kumtetea Anatoli, mume wa Elieth, eti huenda alikuwa na njaa sana. Ndugu yangu, mtu hali kwa uma mbili.

Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa sebuleni kwa Elieth, mjini Laurel, Marekani, na hakuna aliyetafuna. Walikuwa wamefunga tangu Ijumaa. Mfungo mkavu, bila maji wala chai, wakimwombea Gregori, kaka yake Anatoli, ambaye tuliambiwa yuko hospitali Uingereza, amewekewa mashine ya kupumulia. Anatoli alipanda ndege Jumatano akilia machozi kwenda kumuuguza. Leo Jumapili, saa saba mchana, jumuiya ya maombi ilikuja kwa mkewe kufungua. Elieth alikuwa ndiyo kwanza ameinua kijiko cha uji, fremu ya picha ukutani ikaacha kuonyesha mahafali ya mwanawe Lusekelo, ikamleta samaki.

Fremu hiyo aliinunua Anatoli mwenyewe, Siku ya Akina Mama. Akaiunganisha na simu yake kwa mikono yake, ili kila picha anayopiga iingie moja kwa moja nyumbani. Kisha akasahau. Wanaume wa namna hii hufuta meseji, hubadilisha nywila, hulala na simu chini ya mto, halafu wanaangushwa na zawadi waliyonunua wao wenyewe.

"Labda ni tangazo," alisema mzee mmoja.

"Tangazo gani lina tarehe ya jana?" Wairimu akamjibu.

Wairimu mnamjua. Mkenya, rafiki wa Elieth, anatunza wazee Rockville. Siku zote hizo amegeuza wagonjwa vitandani bila kuonja hata tone la maji, kwa ajili ya Gregori ambaye hajawahi kumwona.

Fremu ikabadilika.

Sasa ikawa pai ya nyama, na kando yake rundo la kitu cha kijani kilichopondwa.

"Hiyo nayo ni nini, mukimo?" Wairimu akauliza.

"Ni njegere," Elieth alisema. Sauti ilimtoka kavu. "Wazungu wa huko wanazila hivyo."

Ikabadilika tena. Kaa mzima, ameegemezwa kwenye majani ya saladi. Ikabadilika. Chai kwenye birika la maua, na vile vikeki vyao vya kupakwa jemu na krimu. Kila picha ina dirisha, na kila dirisha lina bahari ya kijivu na watu waliovaa makoti ya mvua. Hospitali haikuonekana hata moja. Mtu alikuwa anahama kutoka baa hadi mgahawa, na kutoka mgahawa hadi baa, pwani nzima, kama mkaguzi wa majiko.

Kisha akatokea Gregori.

Alikuwa amekaa mbele ya sahani ya nyama ya kuoka na viazi, na kitu kama andazi lililobonyea katikati likajazwa mchuzi. Mdomo wazi, uma uko njiani. Shavu limenawiri. Tarehe chini ya picha: leo.

Bibi mmoja wa jumuiya, ambaye macho yake si mazuri lakini imani yake haina kasoro, akainua mikono.

"Bwana asifiwe. Amepona."

Hakuna aliyejua kama aitikie amina au la.

Elieth akaweka bakuli chini. Nitawaambia alichokuwa anakiona yeye, maana si samaki wala nyama. Alikuwa anaiona tiketi yake ya kwenda kwao Tukuyu, Tanzania.

Mama yake mzazi alipata kiharusi mwezi wa tatu. Elieth akakusanya likizo yake, akanunua tiketi, akafungasha sanduku la nepi za watu wazima na maziwa ya unga. Wiki moja kabla ya safari, Anatoli akaja na habari za Gregori. Uwezo wa nyumba ulikuwa wa safari moja tu. Anatoli alipiga magoti jikoni. "Mama Lusekelo, mama yako anaongea, anatembea na fimbo, na ana Bupe wa kumtunza. Kaka yangu hana mtu." Elieth akampigia Bupe, mdogo wake wa mwisho, anayekaa na Mama. Na Bupe akamwambia kwa upole, "Dada, usije. Mama niko naye mimi. Mwache shemeji aende."

Akaacha. Akafungua sanduku, akarudisha nepi kabatini.

Basi hapo ndipo alipochukua simu yake, akampigia mumewe, akabonyeza sauti kubwa na kuilaza simu mezani, katikati ya pilau na chapati ambazo hakuna aliyezigusa.

Iliita mara sita.

"Mama Lusekelo," Anatoli alinong'ona. "Niko wodini. Siwezi kuongea kwa sauti."

Nyuma yake glasi ziligongana. Mtu akacheka.

"Gregori anaendeleaje?"

"Vilevile. Leo hajafumbua macho. Madaktari wanasema tuzidi kuomba."

Watu kumi na wawili waligeuka kumtazama Gregori ukutani, na uma wake.

"Na wewe umekula?" Elieth akauliza. Ndiyo, alimuuliza hivyo hivyo, kama mke anavyomuuliza mume. Miaka ishirini na mbili ya ndoa haitoki mdomoni kwa siku moja.

"Nitakula nini, mke wangu? Tangu Ijumaa ni maji tu, tena maji kidogo. Nilisema na mimi nifunge na wenzangu huko. Wasalimie sana jumuiya. Waambie nalisikia kila ombi lao."

Wairimu alifumba macho. Mzee aliyesema tangazo akavua kofia, akaivaa tena.

Ndipo sauti ya mwanamke wa Kizungu ikapenya kwenye simu, changamfu kabisa, ikiuliza kama wangependa kitu kitamu baada ya chakula. Kuna keki, alisema, na kuna aiskrimu.

"Nani huyo?" Elieth akauliza.

"Nesi. Anapitisha dawa."

Elieth ni nesi, miaka kumi na minne. Hajawahi kumuuliza mgonjwa wa mashine kama anataka aiskrimu. Lakini alisema tu, "Haya. Mpe pole Gregori," akakata.

"Huyo mtu anakubeba ufala, Elieth, anakufanya mjinga," Wairimu alisema polepole. "Kwa nini hukumwambia tunamwona?"

"Kwa sababu sijajua uma wa pili ni wa nani. Gregori samaki hagusi."

Naomba nisimame hapo kidogo, maana mmenilaumu kwamba Elieth ni mpole kupita kiasi. Upole ulikuwa umekwisha. Iliuma, tena iliuma vibaya, na alikuwa na aibu mbele ya watu waliokausha koo kwa ajili ya uongo wa nyumba yake. Ila mtu aliyezoea chumba cha dharura hapigi kelele kabla hajajua damu inatokea wapi.

Fremu ikabadilika. Yule samaki wa kwanza tena, sasa amepigwa picha kutoka upande wa pili. Amekwisha kuliwa. Na katikati ya meza ya Wazungu, kati ya siki na chumvi, kulikuwa na chupa ndogo ya kioo yenye utepe mweupe na kifuniko cha njano.

Kila mtu sebuleni aliitambua chupa ile, kwa sababu kila mtu anayo ya kwake nyumbani.

Elieth hutengeneza pilipili. Anaisaga na karoti na kitunguu saumu, anaichemsha, anaijaza kwenye vichupa vya jemu, na juu ya kila kichupa anabandika utepe mweupe wa hospitali na kuandika kwa kalamu ya wino jina la mwenyewe na ukali wake. Maana kuna wenye vidonda vya tumbo, na kuna wasiosikia kitu. Mtanzania akialikwa chakula cha Kizungu, anaingia na pilipili yake mfukoni. Si utovu wa adabu, ni kujihami.

"Hiyo ni ya Anatoli," mtu akasema. "Amebeba ya kwake."

Elieth aliinuka akaenda jikoni. Akafungua friji. Kichupa cha Anatoli kilikuwa palepale mlangoni, karibu na mayai. BABA LUSEKELO, KALI KIASI. Alikisahau Jumatano kwa haraka za kulia.

Alikishika mkononi, akarudi sebuleni, na akakuta dada Edna amesimama mbele ya fremu.

Edna ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Ndiye aliyetangaza mfungo. Mwanamke mwenye mwili, mwenye heshima zake, na sasa mwili wote huo ulikuwa umeziba kioo, mkono mmoja nyuma unapapasa waya.

"Mdogo wangu," Edna alisema, "tuzime hii. Watu wana njaa. Tule kwanza, mengine tutayaongea mimi na wewe."

"Sogea, dada Edna."

"Nakuomba."

"Kwa nini unaizima?"

Jasho lilimtoka Edna juu ya mdomo. Na sebuleni watu wakaanza kutazamana, maana Edna ni mjane, na mwezi wa nne alisafiri majuma matatu, na Anatoli ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Najua na wewe msomaji umeshaanza kupiga hesabu. Wairimu alishaimaliza.

"Edna," Wairimu alisema, "chupa yako iko wapi?"

"Nyumbani kwangu, kwenye kabati. Njoo uione ukitaka." Edna alisema hivyo bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Elieth, na macho yamejaa maji. "Si mimi, Elieth. Mungu ananiona. Ingekuwa mimi, ningeona afadhali."

Akasogea.

Picha ilikuwa imeshabadilika. Kichupa sasa kilikuwa karibu, kimeshikwa na mkono wa mwanamke wenye kucha nyekundu, na utepe umetazama mbele. Mwandiko wa Elieth mwenyewe, herufi kubwa, wino wa bluu.

BUPE, KALI SANA.

"Nilikipeleka mimi," Edna alisema. "Mwezi wa nne. Ulinipa nikiweke katikati ya nguo kisivunjike. Nilimkabidhi mkononi, Tukuyu, mbele ya mama yenu. Nilikiona pale mezani nikakijua kwa kifuniko, maana kile cha kwanza kilipasuka ukaweka cha njano."

Elieth hakusikia yote. Fremu ilimaliza kazi yake. Ilimleta Bupe mzima mzima, amevaa kitenge ambacho Elieth alimtumia Krismasi, amejilaza kwenye bega la Anatoli, anamlisha shemeji yake chipsi mdomoni. Nyuma yao bahari. Gregori ndiye aliyepiga, bila shaka, kwa simu ya mdogo wake.

Watu watatu, na Elieth aliwapenda wote. Huyu alimzaa Lusekelo naye. Huyu alimwombea. Na huyu wa tatu alimbeba mgongoni akiwa mtoto, akamlipia shule, akamfundisha kusaga pilipili hiyo hiyo.

"Kaa chini," Wairimu alimwambia, akamvuta kiti.

"Subiri," Elieth alisema. "Jana alinitumia sauti."

Akatafuta kwenye simu. Bupe humtumia dada yake ujumbe wa sauti kila siku kuhusu Mama, na Elieth husikiliza akiwa ndani ya gari, kabla ya kuingia kazini. Akabonyeza.

"Dada, shikamoo. Mama hajambo kabisa. Nimemlisha ndizi kwa mkono wangu mwenyewe, amekula akamaliza. Usiwe na wasiwasi, wewe mwombee tu kaka Gregori." Nyuma ya sauti, ndege wakipiga kelele, wengi, wakali. "Usijali hizo kelele, ni kunguru. Wamezidi kwenye mparachichi."

"Rudia," Wairimu alisema.

Elieth akarudia.

"Hao si kunguru. Mimi niliishi Tukuyu? Sikuishi. Lakini nimeenda Ocean City na wazee wangu kila kiangazi. Hao ni wale ndege weupe wa bahari, wale wa kuiba chipsi."

Nimemlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Elieth alitazama ukutani, mkono ule wenye kucha nyekundu na chipsi zake, na ndipo swali moja likayapita yote ya mchana ule. Mume, alimsahau. Gregori, alimsahau.

"Kama Bupe yuko Uingereza," alisema, "Mama yuko na nani?"

Edna alishika mdomo.

Vidole vya Elieth vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita. Tukuyu ilikuwa saa mbili usiku. Iliita mpaka akaona itakatika, halafu kukawa na mkwaruzo, na pumzi.

"Haloo?" Sauti ya Mama ilikuwa nzito upande mmoja, tangu kiharusi.

"Mama, ni Elieth. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mama akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Mmefika stendi?"

"Stendi gani, Mama?"

"Si Bupe amekuja kukupokea uwanjani, huko Songwe? Tangu Alhamisi. Alisema ndege za mbali zinachelewa, tusiwe na haraka."

Elieth aliegemea meza. Sauti kubwa ilikuwa bado imewashwa, watu wote wanasikia, na hakuna aliyethubutu kuizima.

"Mama, nani yuko na wewe hapo?"

"Niko mwenyewe. Majirani Bupe aliwaambia mgeni wangu anakuja, wasitusumbue. Wamekaa kwao." Akapumzika. "Alisema nisifunge mlango, maana mkifika usiku mimi kuinuka ni taabu. Sijafunga. Huu usiku wa nne."

"Umekula, Mama?"

"Aliniachia ndizi. Zimebaki mbili." Mama akashusha sauti, kama mtu anayeficha zawadi. "Sijazila. Nimekuwekea wewe. Utakuja na njaa."

Mezani pilau lilikuwa limepoa. Ukutani sahani zilikuwa zinapita moja moja, samaki, pai, kaa, nyama. Elieth alilia sasa, kwa sauti, mbele ya jumuiya yote, na hakujali. Alikuwa amefunga siku tatu kwa ajili ya mtu anayekula, na upande wa pili wa dunia mama yake alikuwa amefunga kwa ajili yake.

Edna alishaanza kupiga simu nyingine, anamtafuta mtu yeyote wa Tukuyu, jirani, mchungaji, yeyote.

"Mama, nisikilize vizuri," Elieth alisema. Alijifuta uso kwa kanga. "Shika fimbo yako. Inuka taratibu, ukafunge mlango. Sasa hivi. Weka na komeo. Kisha rudi kwenye simu, sikati."

"Nifunge?" Mama akacheka kidogo, kicheko chake kile cha zamani. "Na wewe ndiyo unaingia. Nimesikia geti."

"Si mimi, Mama. Mimi niko Marekani. Mama? Niko Marekani, sijaja, usi..."

Lakini Mama alikuwa ameshailaza simu mapajani, na sikio lake la upande ule halisikii tena vizuri. Sebule nzima ya Laurel ikasikia mlango wa Tukuyu ukisukumwa. Ikasikia nyayo nzito ndani ya nyumba, viatu vya mtu mzima, bila hodi.

"Karibu, mwanangu," Mama alisema, sauti imejaa furaha. "Kaa. Chakula chako nimekuwekea."

Aliyeingia hakuitikia.